Mbegu za mama kwenye leso: mkono wa serikali uishie wapi?

Binti wa Emuhaya (Njoro)

Habari zenu wanauzi. Huu ni mrefu, naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe limenikaa moyoni muda mrefu.

Desemba nilikwenda nyumbani Emuhaya kumwona mama. Siku ya kurudi akanifungia vitu vitatu kwenye leso kuukuu: mbegu za murere (mboga ya mrenda), njugu mawe viganja viwili, na maharagwe ambayo kwetu hayana jina jingine ila "ya kuku", yaani ya bibi, kwa kuwa bibi ndiye aliyekuja nayo alipoolewa. Leso nikaipakata tangu Luanda. Tulipokaribia Kericho polisi wakasimamisha gari, na kabla sijafikiri lolote nikawa nimeifunika kwa mtandio.

Mwanamke wa miaka hamsini na mbili anaficha maharagwe ya bibi yake! Na wakati huo Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamua, mwezi mmoja tu nyuma, kwamba sina haja ya kuficha. Kichwa changu kilikuwa na habari hiyo. Mkono haukuwa nayo.

Kwa wasiofuatilia: tunayo Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ya tangu 1972. Marekebisho ya 2012 yaliikaza. Mbegu ambayo haijasajiliwa na kupewa cheti ikawa haiuzwi, haibadilishwi, haigawiwi, na adhabu ikawa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka miwili. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda kortini kupinga. Novemba 27, 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, pamoja na vile vilivyompa mkaguzi uwezo wa kuvamia hifadhi ya mbegu ya wakulima na kubeba alichokikuta.

Sasa niwaambie kilichotokea katikati, kwa sababu magazeti yanaandika kesi na hukumu lakini hayaandiki miaka ya katikati.

Chama chetu hapa Njoro ni cha akina mama kumi na tisa. Tumechanganyika: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Mkisii mmoja. Kila Februari kabla ya mvua ndefu tulikuwa tunakutana kwa mmoja wetu, kila mtu na mbegu zake. Huyu ana mtama, yule ana saga, mwingine ana njahi, mwingine malenge ya maganda magumu. Unatoa kikombe, unapewa kikombe. Pesa hazikuwepo hapo. Mwenye mavuno mabaya mwaka huo hatoi kitu na bado anaondoka na mbegu.

Mwaka 2022 akaja mgeni kutoka ofisi moja, sitaitaja. Alitusomea sheria kwa upole, hata sauti hakupandisha. Akasema anatusaidia tusije tukajiingiza matatani. Milioni moja! Kati yetu hakuna aliyewahi kuishika. Tukafunga mafurushi, tukanywa chai, tukaenda zetu. Hatukukutana tena kwa ajili ya mbegu miaka mitatu.

Mmoja wetu, mama kutoka Kuresoi, alikuwa na maharagwe ya kijivu yenye madoa meusi, kama yai la kware. Yanavumilia baridi ya Mau na yanaiva kwa kuni chache. Tulikuwa tumekubaliana atugawie msimu ule. Hakugawa, na hatukumwomba. Mwaka uliofuata akaugua, shamba likalala, na waliobaki nyumbani wakayapika yaliyokuwa kwenye debe. Hawakujua kwamba ndiyo ya mwisho. Nimeyatafuta Molo, Elburgon, hadi soko la Nakuru. Sijayaona.

Hakuna aliyekamatwa katika hadithi hii. Hakuna hata aliyetishwa kwa maneno makali. Ndiyo maana naiandika. Tunapozungumzia serikali kuvuka mpaka tunafikiria rungu na seli, ilhali kwetu ilivuka kwa karatasi iliyosomwa kwa upole, nasi wenyewe tukafanya iliyobaki.

Na hii si mara ya kwanza. Wakati wa mkoloni Mwafrika hakuruhusiwa kupanda kahawa. Miaka ya 1930 wakafunguliwa mlango mdogo huko Kisii na Meru, na kwa wengi mlango ulifunguka baada ya mpango wa kilimo wa mkoloni ulioitwa Swynnerton, wa 1954. Sababu iliyosemwa hadharani ilikuwa magonjwa na ubora. Sababu nyingine ni kwamba mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mzungu. Magonjwa na ubora! Maneno yale yale niliyosomewa nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Msinielewe vibaya. Mimi mahindi ya H614 nanunua, kwenye pakiti, na nataka mtu wa serikali awe ameikagua pakiti hiyo kabla haijafika kwangu. Sisemi serikali iondoke. Nauliza inaishia wapi. Kwa akili yangu, anayeniuzia kitu nisichoweza kukijua kwa macho, serikali imsimamie hata kwa ukali. Jirani anayenipa kikombe cha mbegu alizokula mwenyewe jana, nimemwona shambani kwake msimu mzima, hapo serikali imekuja kutafuta nini? Katiba Kifungu cha 19 inasema haki ni za mtu mwenyewe, hazitolewi na Dola. Mimi nasoma hivi: sikuhitaji ruhusa ya kupokea maharagwe ya kuku, kwa hiyo hakuna wa kuninyima ruhusa hiyo.

Naomba maoni, hasa ya wanaonipinga.

Duka la Pembejeo (Molo)

Dada, mimi nakupinga, na nitakupinga kwa heshima.

Nina agroveti mwaka wa kumi na nne. Mwaka mmoja nililetewa shehena ya mahindi ya mbegu, pakiti safi, stika ipo, rangi ipo. Nikauza. Wiki tatu baadaye wateja wakaanza kuja. Mwingine alikuja na mkono wa udongo, ameufukua mstari mzima kunionyesha kwamba hakuna kilichoota. Yalikuwa mahindi ya posho yaliyopakwa rangi. Mzee mmoja alikuwa amekodi ekari tatu kwa pesa za karo. Hakunitukana. Aliketi tu pale kwenye benchi dukani.

Aliyeniletea alitoweka na mimi nikabaki na jina langu. Kwa hiyo mtu akiniambia sheria ya mbegu ni kali mno, mimi nasema haijakaza vya kutosha. Leo ukisema kikombe ni cha bure, kesho kikombe ni gunia, keshokutwa gunia limeandikwa "mbegu ya kienyeji, imethibitishwa na wakulima" na mzee wangu ameketi kwenye benchi tena. Unataka mpaka uwekwe wapi hapo?

Ja-Nyakach

Naomba nichangie kama mtu mzima kidogo. Nina miaka sabini na mmoja.

Vijana humu hawajui kwamba mahindi yenyewe, si mbegu, mahindi ya kula, yalikuwa na pasi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 huwezi kutoa zaidi ya magunia machache wilaya moja kwenda nyingine bila kibali. Vizuizi vya barabarani vilikuwepo kwa kazi hiyo. Ilisemwa ni kwa ajili ya usalama wa chakula wa taifa.

Mwaka 1984, ule wa njaa, shemeji yetu wa Trans Nzoia alikuwa na mahindi. Sisi Nyakach hatukuwa nayo. Baba alikwenda akapewa magunia sita, kwa undugu, hakununua. Hakupata kibali kwa wakati. Kwenye kizuizi kimoja yaliteremshwa yote. Akarudi na magunia matupu aliyokuwa ameazima, kwa sababu alisisitiza lazima ayarudishe kwa mwenyewe. Sitasahau alivyoyakunja.

Naleta hili kumjibu ndugu wa Molo. Wewe unaogopa kikombe kuwa gunia. Mimi nilishaona upande wa pili: serikali inaanza na gunia la mfanyabiashara mlanguzi, ambaye kweli yupo, na inaishia kwenye gunia la shemeji. Mlanguzi alikuwa na njia zake za kupata kibali. Baba hakuwa nazo.

Na wazee wetu walilijua hili mapema. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, kule Gem, wakalalamikia kodi ya nyumba, kipande na kazi ya kulazimishwa. Wakaita Piny Owacho, nchi imesema. Hawakuwa wakisema hawataki utawala wa aina yoyote. Walikuwa wakihesabu, hili sawa, hili hapana.

Kwetu mahindi ya Nyamula bado yapo. Mavuno yake si makubwa lakini kayongo, lile gugu linalofyonza mahindi, ikiota shambani, hayafi yote kama mengine. Hayako dukani kwako ndugu yangu. Yako kwa watu.

Binti wa Emuhaya (Njoro)

Mzee Ja-Nyakach, asante sana. Nimesoma habari ya magunia mara mbili.

Ndugu wa Molo, sijakusahau, swali lako ni zito. Acha nilifikirie, nisije nikakujibu haraka haraka.

Mstaafu wa Kilimo (Bungoma)

Nilikuwa afisa wa ugani miaka ishirini na minane. Nataka tutoke kwenye hisia kidogo.

Septemba 2011 ulionekana ugonjwa mpya wa mahindi huko Bomet. Majani yanakauka kutoka pembeni, gunzi linakuwa tupu. Ni virusi viwili vikikutana kwenye mmea mmoja. Wadudu wanaueneza, lakini na mbegu pia inaweza kuubeba. Tulizunguka tukiwaomba watu wasipande tena mbegu ya shamba lililougua, wapumzishe mahindi, wapande viazi au maharagwe. Wengine walikubali. Wengine walisema mbegu ni yangu, shamba ni langu. Hao mashamba yao yalikuwa yamepakana na ya wenzao. Mdudu hasomi hati ya shamba.

Kwa hiyo dada, "jirani kampa jirani" si jambo la watu wawili tu. Kuna jirani wa tatu ambaye hakuwepo kwenye chai yenu.

Hapo hapo, uaminifu unanidai niseme na upande wa pili. Miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato kali ya mihogo uliingia kutoka Uganda, ukapiga Busia, Teso, ukaja kwetu. Ulienea kwa inzi weupe na kwa vipande vya mihogo watu walivyopeana. Mihogo iliisha, na watu waling'oa wenyewe. Vituo vya utafiti vilipoleta aina zinazostahimili, sisi wa serikali tuligawa kidogo sana. Hatukuwa na magari ya kutosha wala mafuta. Kilichozifikisha kila kijiji ni mama mmoja kukata fimbo kumi na kumpa dada yake, naye akampa wifi yake. Njia ile ile iliyobeba ugonjwa ndiyo iliyobeba dawa. Tungeifunga kwa sheria ya 2012 sijui leo tungekuwa tunakula nini.

Nimeyaona yote mawili kwa macho yangu na bado sijui vizuri niyapatanishe vipi.

Kiprop wa Mau

Mnasumbuka bure. Hiyo sheria nani alikuwa anaifuata? Hapa kwetu watu waliendelea kupeana mbegu kama kawaida. Serikali ya Kenya ina sheria elfu ambazo hakuna anayezijali.

Binti wa Emuhaya (Njoro)

@Kiprop wa Mau, ndugu yangu, nafurahi kwamba kwenu mliendelea. Kwetu hatukuendelea, na wewe na mimi tunatenganishwa na saa moja ya matatu.

Sheria isiyofuatwa haijalala. Ipo inamsubiri mtu ambaye wakubwa watamchukia siku fulani. Wewe unapeana mbegu miaka kumi, hakuna neno. Siku umegombana na mtu mwenye cheo juu ya mpaka wa shamba, ndipo inakumbukwa kwamba una mbegu zisizo na cheti. Sitaki kuishi kwa huruma ya mtu ambaye bado hajanikasirikia.

Wakili wa Kondele

Nimefuatilia kesi hii kwa karibu, niongeze mambo ambayo naona yamechanganyika.

Kwanza, kusahihisha wanaosema kwingineko kwamba sheria ilikataza mtu kupanda mbegu yake mwenyewe ya kienyeji. Kosa lililokuwa likiwatisha wakulima ni kuuza, kubadilishana na kugawa. Lakini chama kama cha dada, kinachohifadhi mbegu na kuzigawa, kilikuwa ndani ya moto kabisa.

Pili, watu wanataja Kifungu cha 19 na kusahau cha 11. Kifungu cha 11 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu asilia na matumizi yake na jamii za Kenya. Katiba ilizinduliwa Agosti 27, 2010. Miaka miwili baadaye Bunge likaleta marekebisho ambayo yalimpa haki nyingi mtafiti anayezalisha aina mpya, na mkulima aliyetunza aina za zamani akabaki mikono mitupu. Hili lina historia yake ya nje pia: Kenya ilijiunga na UPOV, umoja wa nchi unaolinda haki za wazalishaji wa aina mpya, mwaka 1999, na 2016 ikaingia kwenye mkataba wao wa 1991 ambao ni mkali zaidi kwa mkulima.

Tatu, na hapa ndipo namjibu mzee Mstaafu. Katiba haisemi haki haziwezi kupunguzwa. Ziko chache zisizoguswa kabisa, ziko Kifungu cha 25: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na kufikishwa mbele ya korti. Zilizobaki zinaweza kupunguzwa, lakini Kifungu cha 24 kinaipa serikali mzigo wa kueleza. Unapunguza kwa lengo gani? Lengo lina uzito gani? Unachokifanya kinafika kwenye lengo hilo? Na hili la mwisho ndilo mimi hulipenda: je, hakuna njia nyepesi zaidi ya kufika pale pale?

Chukua ugonjwa wa Bomet. Lengo ni zito, hakuna ubishi. Sasa njia. Ungeweza kutangaza eneo lililougua, aina ya mmea, muda wa marufuku, ukaeleza sababu barazani, ukampa mtu mbegu safi badala ya ile unayomwondolea. Hiyo ni marufuku yenye mahali na mwisho. Ya 2012 ilikuwa ya nchi nzima, mimea yote, milele. Murere wa Emuhaya ulifungiwa pamoja na mahindi, ingawa virusi vya mahindi haubebi.

Mstaafu wa Kilimo (Bungoma)

Wakili, hapo umenisaidia. "Mahali na mwisho." Ndiyo tulivyofanya kazi zamani na karantini za mifugo: eneo fulani, wiki kadhaa, kisha inafunguliwa na chifu anatangaza. Watu walinuna lakini walielewa, kwa sababu waliiona siku ya kufunguliwa.

Viazi Molo

Mimi naona uzi huu umeelemea kuona serikali ni adui. Mimi nalima viazi, niwaeleze.

Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Broka anakuja shambani na gunia lililoshonewa kofia juu, lumbesa, anajaza hata mara mbili ya hapo, analipa bei ya gunia moja. Ukikataa anakwenda kwa jirani, na viazi havingoji. Mimi peke yangu sina nguvu ya kumkatalia. Huo uhuru wa kukubaliana bei na yeye ni uhuru wangu wa kunyonywa. Nataka serikali iingie hapo, iingie na mizani, na inaniudhi kwamba inakuja mara moja kwa mwaka na kupiga picha.

Kwa hiyo dada wa Emuhaya, ukisema serikali isikae kati ya watu wawili waliokubaliana, mimi unaniacha na broka.

Binti wa Emuhaya (Njoro)

Nimekaa na majibu yenu siku mbili. Jana nilikuwa natoa njugu mawe kwenye maganda huku nawaza.

Viazi Molo, umenibadilisha mahali fulani. Moyoni nilikuwa nafikiri mpaka uko mlangoni: ndani ya nyumba serikali isiingie, nje iingie. Si kweli. Broka anakuja hadi shambani kwako, karibu na mlango kabisa, na hapo unahitaji serikali. Na mahindi ya shemeji wa mzee Ja-Nyakach yalikuwa barabarani, mbali na nyumba yoyote, na serikali haikupaswa kuyagusa. Kwa hiyo mlango si mpaka.

Naona sasa hivi: natazama nani anaweza kuumizwa bila kuwa na namna ya kujikinga. Kwenye lumbesa ni wewe. Kwenye pakiti ya rangi ni mzee wa benchi. Kwenye ugonjwa ni jirani wa tatu. Hao wana haki ya kuita serikali, na serikali ina wajibu wa kuitika, tena haraka. Kwenye kikombe cha murere namtafuta anayeumizwa na simwoni. Anayetoa anajua, anayepokea anajua, mmea hauambukizi shamba la mtu. Nikimaliza kutafuta nikakosa, basi mwenye karatasi aniambie ni nani anayemkinga. Yule mgeni wetu wa 2022 sikumwuliza. Laiti ningemwuliza. Naamini angeshindwa kujibu, na pengine angekunja karatasi yake mwenyewe.

Nililosema la ruhusa silirudishi nyuma. Kazi ya kueleza ni ya anayekataza. Siku ile ilitupwa kwetu: tuthibitishe kwanza kwamba mbegu zetu si hatari, kwa cheti ambacho hakikutungwa kwa ajili ya kikombe. Nani atasajili maharagwe ya mama mmoja wa Kuresoi? Kila mche unatakiwa ufanane na mwenzake, na mbegu zetu zinaishi kwa kutofanana. Mwaka wa jua kali unabaki huu, mwaka wa mvua nyingi unabaki ule.

Ndugu wa Molo mwenye duka, swali lako la kikombe na gunia. Kikombe kikigeuka gunia na pesa zikaingia, na mnunuzi ni mtu asiyenijua, hapo mimi sipingi kusimamiwa. Lakini nisimamiwe kwa kipimo changu, si kwa kipimo cha kampuni. Niandike jina langu, kijiji, mwaka wa mavuno, na kwamba ni mbegu ya kienyeji. Nikidanganya, nishtakiwe kwa udanganyifu.

Wakili wa Kondele

Jirani zetu Tanzania wana kitu kinachokaribia hicho. Wanakiita mbegu za kuazimiwa ubora. Kikundi cha wakulima kinasajiliwa, kinazalisha, mkaguzi anapitia sehemu ya mashamba badala ya yote, na mbegu inauzwa eneo la karibu ambako watu wanafahamiana, si nchi nzima. Haijamaliza matatizo yote. Ila inaonyesha kwamba njia nyepesi ilikuwepo mpakani hapo Isebania, na Bunge halikutazama.

Duka la Pembejeo (Molo)

Nimesoma. Jina, kijiji na mwaka naweza kukubali. Bado nina wasiwasi kwamba tapeli naye ana kalamu ya kuandikia kijiji. Nyinyi mnazungumza kama kila mtu ni wa chama cha akina mama kumi na tisa. Mimi nawaona wengine.

Lakini nikiri jambo. Stika ilikuwepo kwenye zile pakiti zangu. Cheti kilikuwepo. Sheria yote ya milioni moja ilikuwepo, na haikumzuia aliyenipelekea sumu ile dukani. Nimejiuliza wiki hii wakaguzi walikuwa wapi siku ile, na hapa nasoma kwamba karatasi ilifika Njoro kwa akina mama wa chai. Hilo limeniuma. Wakaguzi ni wachache, kila saa inayotumika kwa kikombe haitumiki kwa lori.

Nyar-Ugenya

Mimi ni msomaji tu, sijawahi kuandika humu. Dada Binti, nataka kuuliza juu ya yale maharagwe ya kijivu. Madoa yake yametapakaa au yamejikusanya upande wa kitovu? Mama mkwe wangu hapa Ugenya ana maharagwe kama hayo, anayahifadhi na majivu kwenye mtungi. Anasema aliletewa na dada yake aliyeolewa bara huko, lakini hakumbuki ni wapi hasa.

Binti wa Emuhaya (Njoro)

Yametapakaa, na kitovu ni cheupe chenye duara jembamba la kahawia. Mche wake haupandi mti, unakaa chini.

Nyar-Ugenya

Ya mama yanapanda kidogo, yanataka kijiti. Kitovu cheupe ndiyo. Duara sijalitazama, kesho nitatazama mchana.

Binti wa Emuhaya (Njoro)

Kama yanataka kijiti, basi si yenyewe. Lakini tafadhali niwekee kikombe. Tunakutana Jumamosi ya pili ya mwezi huu, hapa kwangu, kabla mvua haijashika. Ukipata mtu anayekuja Nakuru mpe, mwambie akifika stendi anipigie. Nitakutumia njugu mawe za mama, na mbegu za murere, na mwambie asizifunike na kitu.